Nimeuziwa Black Australorp au nimepigwa? Namna ya kusoma manyoya na kuchagua kuku wa mbegu

BandaLaKihonda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Morogoro. Mwezi wa tisa mwanzoni nilinunua vifaranga 60 wa siku moja, nikaambiwa ni Black Australorp halisi, wale ambao wengi tunawaita kuku wa Malawi. Sikutaka nyama wala mayai ya kula. Nilitaka mbegu, nije kutotolesha na kuuza vifaranga.

Boksi lilipofunguliwa nikaishiwa nguvu. Mgongoni weusi, lakini tumboni njano inayoelekea kwenye weupe, na ncha za mbawa nyeupe. Jirani yangu mfugaji akaja, akacheka mpaka akakaa chini: "Umeuziwa chotara. Australorp ni mweusi tii." Nikachambua wale wenye weupe mwingi kupita wenzao, 20, nikawatoa kwa bei ya hasara kwa mama mmoja wa Mkundi. Watano wakafa wiki ya pili.

Leo wana wiki 20. Nilionao ni 29, majogoo 9 na mitetea 20. Wote wamekuwa weusi, hata wale niliodhani watabaki na mabaka. Ila saba wana rangi ya dhahabu shingoni, na jogoo mmoja ana unyoya mweupe kwenye bawa la kushoto. Juani wengine wanang'aa kijani, wawili watatu wanatoa zambarau. Nataka kubakiza majogoo wawili na mitetea kumi. Nianzie wapi? Picha zimegoma kupanda, nitajaribu tena usiku.

ChipsKavu

Mkuu, jogoo ukishamtia kwenye supu rangi yake unaionea wapi? Weka picha za supu.

Mzee_Kasumulu

BandaLaKihonda, pole. Na huyo jirani yako mpe pole zangu pia, kakutia hasara bila kujua.

Kifaranga wa Australorp huzaliwa hivyohivyo ulivyomuona: mgongo mweusi, tumbo na kidevu vyeupe au njano, ncha za mbawa nyeupe. Huo weupe unaondoka na manyoya ya utotoni. Mimi hawa nimewafuga tangu 1998, mbegu ya kwanza niliivusha kutoka kwa wenzetu wa Malawi, ambako serikali yao iliwasambaza vijijini miaka mingi. Jina "kuku wa Malawi" lilitoka huko. Kwa hiyo wale 20 uliomuuzia mama wa Mkundi ndio hasa ambao ningekuambia uwashike. Samahani, lakini lazima nikwambie.

Sasa waliobaki. Mtoe mmoja mmoja nje asubuhi, jua likiwa la kukaa, si lile la saa saba. Mweusi wa kweli akigeuka juani unaona kijani kama cha inzi wa chooni. Huo ndio mng'ao wake. Zambarau ni dosari, hasa ikija kwa mistari mistari mgongoni na kwenye mbawa. Halafu mgeuze miguu juu uangalie nyayo. Nyayo za Australorp ni nyeupe au za pinki. Ukikuta njano, hapo pana damu nyingine. Jersey Giant mweusi, ambaye kwa mbali huwezi kuwatofautisha, nyayo zake ni za njano. Jicho liwe jeusi au kahawia iliyokolea sana. Upanga wa kichwani uwe mmoja uliosimama, wenye meno matano hadi saba.

Angalia hayo uje useme.

BandaLaKihonda

Mzee shikamoo. Nimetoka bandani sasa hivi na tochi. Katika wale saba wa shingo ya dhahabu, WOTE saba nyayo ni njano. Waliobaki 22 nyayo ni nyeupe. Nimerudia mara mbili, mke wangu ananiona kichaa.

Mzee_Kasumulu

Marahaba. Basi saba hao waondoe kwenye mbegu, 22 ni halali yako.

Wanja_wa_Nakuru

Mzee kwa heshima, hapo umefunga kesi mapema. Kwa kuku, ngozi nyeupe inashinda njano. Ukimpandisha Australorp na Rhode Island Red mwenye miguu ya njano, watoto wote watatoka na nyayo nyeupe. Weusi wa Australorp pia una nguvu, kwa hiyo wengi wao watakuwa weusi, labda na wekundu kidogo unaochungulia shingoni au begani, hasa kwa jogoo. Kwa hivyo nyayo za njano zinakuambia huyu si halisi, lakini nyayo nyeupe hazikuapii kwamba ni halisi.

BandaLaKihonda, swali langu ni moja. Hao saba wa dhahabu, ni majogoo au mitetea? Na siku ya kwanza kuna vifaranga waliokuwa na doa jeupe utosini?

BandaLaKihonda

Mitetea mitupu. Doa utosini ndiyo, walikuwepo, sikuwahesabu. Nilisahau kuandika: nilikuwa na majogoo mengine sita. Wale walitoka kanga, madoadoa ya mistari mieupe na myeusi, nikaona hawa ndio chotara wenyewe, nikawauza Krismasi.

Wanja_wa_Nakuru

Sita! Sasa imeeleweka.

Umeuziwa boksi moja lenye kuku wa aina mbili. Ndani ya hao 60 kulikuwa na vifaranga wa jogoo mwekundu (Rhode Island Red kwa kawaida) na mtetea kanga (Plymouth Rock). Huo ni mchanganyiko unaofanywa makusudi na watotoleshaji, kwa sababu alama ya ukanga iko kwenye kromosomu ya jinsia. Mtetea kanga humrithisha ukanga mwanawe wa kiume peke yake, binti haambulii kitu. Matokeo yake siku ya kwanza tu unajua: mwenye doa jeupe kichwani ni dume, atakuwa kanga; asiye na doa ni jike, atakuwa mweusi na dhahabu shingoni. Wazazi wote wawili ni wa ngozi ya njano, ndiyo maana nyayo za njano.

Mabinti hao wanataga vizuri sana, usiwachinje. Lakini mbegu hapana. Ukiwatotolesha wao kwa wao watoto watatoka rangi kila namna na mteja wako atakupigia simu usiku.

Huku kwetu biashara hii ya kuuza hawa weusi kama Australorp imezoeleka. Mimi nimeuziwa mara mbili. Mara ya pili aliyeniuzia alikuwa amewapaka mafuta ili wang'ae, nilijua nilipomshika, mkono ukateleza kama nimeshika mandazi.

jirani_mchokozi

Hahaha mandazi

Mzee_Kasumulu

Dada Wanja, nimekubali. Miaka yote nimekuwa nikitegemea nyayo na sikuwahi kufikiria upande huo wa nyeupe kuficha njano. Maana yake ni kwamba ili kumjua jogoo vizuri lazima umuone na watoto wake. Nilikuwa nafanya hivyo bila kujua sababu: jogoo mgeni nampa mitetea watatu, natotolesha mayai thelathini hivi, nikiona hata kifaranga mmoja mwekundu au kahawia, jogoo anakwenda sokoni, na mitetea hao watatu nao nawatia alama, maana rangi iliyojificha haitokei mpaka ije kwa baba na kwa mama.

MpembaWaKuchi

Asalaam aleikum. Nasoma hapa nacheka peke yangu. Nyie watu wa bara mnashughulika na rangi kama mnachagua kanga za harusi.

Sisi kuku wa kuchi hatumuulizi rangi. Awe mwekundu, mweupe, kijivu, mweusi wa shingo nyekundu, yote ni kuchi. Kuchi anaangaliwa kusimama. Shingo ndefu iliyonyooka, kifua juu, mgongo unateremka kama paa la makuti, mkia unaning'inia haunyanyuki. Mfupa wa mguu mnene, ukiushika kidole na gumba havikutani kirahisi. Domo fupi nene lililopinda kama la kasuku. Upanga mdogo uliolala, hauna meno marefu. Na manyoya machache! Kifuani na mabegani unaona ngozi nyekundu. Kuchi aliyevaa manyoya mengi laini, upanga umesimama kama msumeno, huyo kachanganywa, hata akiwa na urefu wa ngamia.

Kwa hiyo hata sisi manyoya tunayasoma, ila hatusomi rangi. Tunasoma wingi, urefu, ugumu. Unyoya wa kuchi ni mwembamba na mkavu, umebana mwilini.

Mnyantuzu_Ohio

Mpemba umeniwahi, lakini niongeze la huku niliko. Nina miaka tisa Marekani, nafuga Rhode Island Red nyuma ya nyumba na nimeshapeleka kuku kwenye maonyesho ya kaunti mara nne (nimeshinda mara sifuri, msiniulize).

Huku kuna kitabu cha viwango cha chama cha wafugaji wa kuku, American Poultry Association. Chama ni cha 1873, kitabu kilianza 1874, na mpaka leo hakimu anahukumu kwa kukifuata. Kuku wa asili wanaowaita "heritage" wana masharti: aina iliyotambuliwa kabla ya katikati ya karne ya 20, wapandane wenyewe bila mtu kuwasaidia, waishi miaka mingi nje wakizalisha, na wakue polepole, uzito wa kuuza usifikie kabla ya wiki 16. Rangi haimo katika masharti hayo. Inakuja baadaye, kwenye kiwango cha kila aina.

Nilichojifunza kwa kumtazama hakimu: hamuangalii kuku kwanza kwa rangi. Anasimama mbali kidogo na tundu, anamwacha kuku asimame mwenyewe, anaangalia mchoro wa mwili. Rhode Island Red anatakiwa awe kama tofali, mgongo umelala sawa, kifua kirefu. Ndipo anamtoa, anapitisha mkono kwenye mfupa wa kidari kuona kama umenyooka au umepinda, anafungua bawa lote kama kipepeo, anahesabu manyoya makubwa, anaangalia kama kuna lililokosekana au lililojikunja. Rangi inafuata, na hapo anafanya kitu sijawahi kuona mtu akifanya nyumbani: anapuliza manyoya ya mgongoni yafunguke, aone malaika, yale manyoya laini ya chini kabisa karibu na ngozi. Rhode Island Red mwekundu wa kweli ni mwekundu mpaka chini. Akikuta kijivu kama majivu ya jikoni hapo chini, anaandika kwenye karatasi na wewe unajua umekwisha. Weusi anaoruhusiwa ni wa mkiani, baadhi ya manyoya ya mbawa, na kwa mtetea ncha nyeusi kidogo chini ya shingo.

Na wekundu wenyewe ni ule uliokolea, ukimuona mbali unadhani mweusi. Wale wa rangi ya tofali la kuchoma wanaouzwa kila mahali ni wa kiwandani, wamechaguliwa kwa mayai tu, wadogo, wepesi. Jina ni moja, kuku ni wawili.

Uzito kwa Australorp katika kitabu hicho: jogoo mzima kilo 3.9, koo (mtetea mzima) 2.9, jogoo kijana 3.4, tembe (mtetea kijana) 2.5. Wako wa wiki 20 bado hawajafika, usiwahukumu kwa hizo.

ChipsKavu

Kumbe hata supu yangu ina hakimu.

BandaLaKihonda

Mnyantuzu asante, nimejaribu kupuliza, kuku kanishangaa. Malaika za chini za hawa 22 ni kijivu cheusi. Ni kosa?

Mnyantuzu_Ohio

Hapana, kwa mweusi kijivu kilichokolea chini ni sawa. Nyeupe ndiyo mbaya, hasa kwenye mzizi wa manyoya ya shingo na mkia wa jogoo. Mwekundu ndiye anayetakiwa awe mwekundu mpaka chini. Kila aina na hesabu yake.

DaktariMstaafu_Iringa

Nilikuwa nasoma kimya. Mwanzisha uzi, usichague kwa siku moja. Kuku hubadilisha manyoya mara kadhaa kabla ya kukomaa, na manyoya yenyewe yanakumbuka shida. Siku chakula kilipokosekana au kuku alipougua, unyoya uliokuwa unaota siku hiyo unabaki na mstari mwembamba dhaifu unaoukata kwa upana. Ukiuona kwenye manyoya makubwa ya mbawa, mahali palepale kwa kuku wote, kosa si la kuku, ni la banda. Jiulize wiki ile ulikuwa wapi.

Mitetea ya wiki 20 usiipime upana wa nyonga, watakudanganya, wengi hawajafunguka. Subiri watage wiki sita au nane. Kisha weka vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga, pale juu ya tundu la yai. Anayetaga vizuri anapokea vidole viwili hadi vitatu, mifupa ni myembamba na inanyumbuka. Kati ya mifupa hiyo na ncha ya kidari pita vidole vitatu, vinne. Ngozi ya tumbo iwe laini kama sikio la mbuzi. Aliyefunga kidole kimoja na tumbo gumu, anakula pumba zako bure hata kama rangi yake inastahili picha ukutani.

Ipo njia ya kuangalia njano inavyopauka: koo wa ngozi ya njano akitaga, njano inaondoka kwenye tundu kwanza, halafu pembeni mwa jicho, halafu mdomo kuanzia mzizi kwenda ncha, mwisho miguu. Lakini Australorp ni wa ngozi nyeupe, hana njano ya kupauka. Hiyo itumie kwa wale saba wako wa dhahabu. Utashangaa.

Mzee_Kasumulu

Daktari umenikumbusha. Hawa walitengenezwa Australia kutokana na Orpington weusi wa Uingereza kwa ajili ya yai. Katika mashindano ya 1922 hadi 1923 mitetea sita ilitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Wa kwetu hawafiki huko hata kwa maombi, maana miaka na miaka watu wamechagua jogoo kwa kung'aa kwake na mtetea kwa weusi wake, mayai hakuna aliyeandika. Nami nimo.

Sasa yule jogoo wa unyoya mweupe. Unyoya ni mmoja? Uko upande mmoja tu?

BandaLaKihonda

Mmoja, bawa la kushoto. Nampa jina Namba Nne. Kwa bahati mbaya ndiye mzito kuliko wote: kilo 2.7 jana jioni, wenzake wako kati ya 2.1 na 2.4.

Mzee_Kasumulu

Ng'oa huo unyoya, mara moja tu, kwa kuvuta sawasawa. Kama aliumia hapo utotoni, shina liliharibika, labda utarudi mweupe, labda mweusi. Ukirudi mweusi, mtumie. Ukirudi mweupe, mle.

Wanja_wa_Nakuru

Mzee! Kwa unyoya mmoja unakula kilo 2.7 ya jogoo? Mpe mitetea uliowaangalia vizuri, weupe huo hata ukirithiwa utauchuja kwa kizazi kimoja viwili. Uzito na umbo ukishavipoteza, kuvirudisha ni miaka.

Mzee_Kasumulu

Dada, weupe kwa mweusi ni kama mchwa. Unaona mmoja.

MpembaWaKuchi

Mnagombana kwa unyoya mmoja. Kwa sisi wenye vishingo, kuku wa shingo tupu, ndio manyoya yana hesabu ya kweli: kishingo mwenye shada la manyoya mbele ya shingo ana nusu ya urithi, aliyekuwa mtupu kabisa ana wote. Huyo mtupu ukimtia kwa kuku yeyote, watoto wote wanatoka vishingo. Huhitaji kitabu, unahitaji macho.

DaktariMstaafu_Iringa

Hilo Mpemba yuko sahihi kabisa. Ila kwa wale wa manyoya yaliyopinduka, kinungunungu, usipandishe wao kwa wao. Robo ya watoto watatoka na manyoya yanayokatika kama majani makavu, wanabaki uchi na baridi inawamaliza. Kinungunungu mpe mwenzake wa manyoya ya kawaida.

BandaLaKihonda (mrejesho, wiki 9 baadaye)

Wakuu nimerudi. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa naandika daftari, Mzee alinichoma pale aliposema mayai hakuna aliyeandika.

Wale saba wa dhahabu: wanataga kuliko wote. Wanne kati yao miguu imeshaanza kupauka kama Daktari alivyosema, midomo imekuwa mieupe yote. Nimewatenga, mayai yao nauzia genge la mtaani.

Mitetea 13 ya mbegu: watatu nimewatoa, wawili kwa zambarau iliyokuja na mistari mpaka mkiani, mmoja mfupa wa kidari umepinda kama ndizi. Vidole nimepima. Sita wanapokea vitatu, wanne viwili. Ile mistari ya udhaifu kwenye manyoya ya mbawa nimeiona kwa karibu wote, mahali pamoja. Nimekumbuka: ni wiki niliyokwenda msibani Kilosa nikamwachia kijana banda.

Namba Nne: nilimng'oa unyoya. Umerudi mweupe. Mzee najua utasema nini. Ana kilo 3.3, kidari kimenyooka, anasimama kama askari wa gwaride. Nimempa mitetea wanne peke yao, mayai 28 yako kwenye mashine, yanatotolewa wiki ijayo. Majogoo wawili wengine, Namba Mbili na Namba Saba, nimewapa sita waliobaki.

Halafu Jumapili nilikwenda Mkundi kumuona yule mama. Kuku wangu 20 wa tumbo jeupe wamebaki 17. Weusi tii wote, kijani kinawaka, nyayo nyeupe, macho meusi, hakuna hata mmoja mwenye dhahabu shingoni. Nikaomba aniuzie mitetea watatu. Kanitajia 35,000 kila mmoja. Nimelipa. Wakati nawafunga miguu akaniuliza kama bado nina wale vifaranga wabovu, kwamba nikipata tena nisiende mbali.

ChipsKavu

Huyo mama ndiye hakimu.

Mzee_Kasumulu

Namba Nne bado nasema mle. Lakini niandikie wakitoka vifaranga, na uhesabu ncha za mbawa.